Resini haikauki, inaiva: makosa yanayoua ubao wa mawimbi kwenye kuvalisha faiba

Niligeuka kuchukua brashi tu. Kurudisha macho kwenye ubao naona kitambaa cha faiba nilichokilaza vizuri kimezama katikati kama kuna mtu kakikalia, na chini yake lile povu jeupe linayeyuka taratibu linakuwa uji, harufu imejaa mpaka kwa majirani. Ubao ulikuwa wa kijana mmoja aliyehamia Dodoma kikazi kutoka Dar, ubao wa kutelezea mawimbi baharini, ulikuwa na ufa wa kama sentimita 10 tu, akaniuliza, "Fundi, si wewe unafanya bampa za faiba? Hii si faiba ileile?" Nikamwambia ndio, ni ileile. Kumbe sio ileile. Ubao ulikufa mkononi mwangu, nikamlipa, na kilichoniuma sio hela, ni kwamba nilikuwa na miaka kwenye hii kazi na sikuwa naelewa kitu ninachokimwaga kila siku kutoka kwenye galoni.

Mi nafanyia kazi Kizota hapa Dodoma, bampa, boneti, vifuniko vya matenki ya maji, vitu hivo. Bahari iko mbali, kama kilomita 450 huko Dar, lakini mji huu saivi umejaa watu waliotoka pwani wakaja na vitu vyao, na baada ya ule ubao wa kwanza nimeshashika mingine kadhaa, ya kutengeneza na miwili niliyoivalisha kuanzia povu tupu. Kwahiyo nayaandika haya kwa mafundi wenzangu wa faiba na kwa kijana yeyote anayetaka kujaribu, kwasababu makosa karibu yote yanaanzia sehemu moja: tunadhani resini, ule uji wa kemikali tunaoloweshea kitambaa cha faiba, inakauka kama rangi. Resini haikauki. Inaiva. Hakuna maji wala tina inayopaa ikaacha kitu kigumu nyuma, ni kemikali inashikana ndani kwa ndani na inatoa joto lake yenyewe, na ukishalielewa hilo utaona kwanini ubao mmoja unatoka kama kioo na mwingine unatoka na malengelenge wakati fundi ni yuleyule.

Kwanza ubao wenyewe ulivyo. Ndani ni povu jepesi ambalo peke yake unalivunja kwa goti. Nje ni ngozi ya kitambaa cha faiba kilicholoweshwa resini. Nguvu yote iko kwenye ngozi, ya juu inabanwa na ya chini inavutwa, povu kazi yake ni kuzitenganisha hizo ngozi mbili zisikutane. Sasa ngozi ikiachana na povu, hata sehemu ndogo kama sahani ya chai, ubao unaanza kufa, utabonyeza kwa kidole utasikia unabonyea alafu unarudi, pale ndani hamna kilichoshika tena.

Povu ziko za aina mbili kubwa na hapa ndo nilipoangukia mimi. Mbao za zamani zilikuwa mti mtupu, nzito sana, miaka ya 1940 huko California wakaanza kuvalisha faiba, mwishoni mwa miaka ya 1950 likaja povu la poliuretheni ambalo linakubali resini ya polista bila shida, na kampuni moja iliyoitwa Clark Foam ikawa inalisha sehemu kubwa ya soko la Marekani mpaka tarehe 5 Desemba 2005 ilipofunga ghafla. Watengenezaji wakabaki hawana povu, wengi wakageukia kwa nguvu povu la EPS, ambalo ni ndugu wa lile jeupe la punje punje linalokuja kwenye katoni ya TV, na hilo linataka resini ya aina nyingine, epoksi. Ndo maana ubao utakaoletewa leo unaweza kuwa wa kabila lolote kati ya hizo mbili na kwa nje huwezi kujua. Ndani ya polista kuna kemikali inaitwa sitairini, na sitairini inalifanya povu la EPS kama petroli inavyolifanya lile la katoni, linasinyaa na kuyeyuka hapohapo. Kabla hujafungua galoni lolote chungulia kwenye ufa, ukiona punje za duara zimeshikana hiyo ni EPS, ukiona unga laini wa njano njano mara nyingi ni poliuretheni. Bado una wasiwasi? Kwangua kipande kidogo, kidondoshee tone la polista, subiri dakika tano. Dakika tano zingeniokolea ubao wa mtu.

Alafu tuje kwenye hadna, ile kemikali unayochanganya kwenye resini ili iive, maana hapa mafundi tuliokulia kwenye polista tunaiharibu epoksi kila siku. Hadna ya polista, ile ya maji maji yenye kibuyu kidogo, ni kama hamira kwenye maandazi. Unaweka kidogo tu, kwa kawaida asilimia 1 mpaka 2 ya uzito wa resini, yani nusu kilo ya resini inataka gramu 5 mpaka 10. Ukiongeza kidogo inawahi, ukipunguza inachelewa, na ndani ya hiyo nafasi una uhuru wa kucheza na hali ya hewa. Hadna ya epoksi sio hamira, ni sehemu ya unga wenyewe. Kila chembe ya resini inatafuta mwenzake wa upande wa hadna wa kushikana nae, ukizidisha hadna wanabaki wapweke wa upande ule, ukipunguza wanabaki wa upande huu, na wapweke wakibaki ubao unakuwa mlaini, unanata, hauivi hata ukiusubiri mwezi. Kwahiyo epoksi ikiwa ni mbili kwa moja ni mbili kwa moja, na angalia vizuri kopo limeandika kwa ujazo au kwa uzito kwasababu namba zinatofautiana, mchanganyiko ambao kwa ujazo ni 2 kwa 1 ukiupima kwenye mizani unaweza kuta ni 100 kwa 45 hivi. Nunua mizani ya jikoni ya kidijitali. Hii ya kupima kwa kifuniko cha soda iishie kwenye bampa, na hata kwenye bampa siipendi. Ukitaka epoksi iwahi au ichelewe unanunua hadna nyingine, ziko za haraka na za taratibu, huchezi na kipimo. Na koroga dakika mbili tatu kamili huku unakwangua kuta na kitako cha kopo, resini isiyokorogwa inajificha pembeni alafu inakuja kumwagika mwisho, hapo ndo unaona ubao wote mgumu kasoro baka moja linalonata.

Sasa joto, na Dodoma hili ni somo zima. Kwa kukadiria, joto likipanda nyuzi 10 mwendo wa kuiva unakaribia kuwa mara mbili. Hapa kwetu usiku wa Julai unashuka mpaka nyuzi 13 au 14, mchana wa Oktoba na Novemba unapita 30 kivulini, na chini ya bati la kwangu ni zaidi ya hapo. Niliwahi kuchanganya nusu kilo ya polista mwezi wa kumi kwa kipimo nilichokizoea cha mwezi wa saba, gramu 10 za hadna, nikamwaga nusu kwenye ubao nikaacha nusu kwenye kopo. Lile la kwenye kopo lilianza kutoa moshi kabla sijafika kwenye mkia wa ubao, kopo la plastiki likajikunja. Joto linalotoka kwenye resini likiwa limerundikana halina pa kwenda, linajipasha lenyewe, linaharakisha lenyewe, ila ukiimwaga ikatandazwa nyembamba linatoka na kazi inaenda kwa utaratibu. Kwahiyo changanya kidogo kidogo, ikishachanganyika imwage yote juu ya kitambaa haraka usiiache ikakusubiri kwenye kopo, na kopo lililobaki na resini litoe nje kwenye mchanga, usiliache karibu na matambara ya asetoni, ile dawa ya kusafishia inayoshika moto haraka.

Na ikikushikia katikati ya kazi, umeona inaanza kuwa kama jeli, acha. Naomba hili ulishike, kwasababu mkono unakataa kuacha. Ukiendelea kuisukuma jeli unaburuta kitambaa, unakivuta nyuzi, unajaza mabonge. Iache iive, kesho piga msasa, pale palipokosa laza kipande kingine kinachopanda juu ya cha jana sentimita 5. Itakuwa nzito kidogo lakini itashika.

Kuna kosa lingine la joto ambalo sikuwahi kuliona kwenye bampa kwasababu bampa halina hewa ndani. Povu lina hewa. Ukianza kazi saa tatu asubuhi jua linapanda, povu linapata joto, hewa ya ndani inatanuka inatafuta pa kutokea, na juu yake kuna resini mbichi. Inatoka hapo. Utaona vitundu vidogo kama sindano vinajitokeza kimoja kimoja, unakiziba hiki kinafunguka kile, mpaka resini inaiva na vitundu vyake. Niliona hivo kwenye ubao wangu wa kwanza wa povu tupu, nikadhani resini ni mbovu. Dawa yake ni saa tu. Weka ubao ndani tangu mchana, ulingane na joto la chumba, anza kazi jioni kuanzia saa kumi na moja hivi hewa ikianza kupoa, maana hapo povu linavuta ndani badala ya kusukuma nje, linanyonya resini kidogo na kushika vizuri zaidi. Jioni za Dodoma zinapoa haraka, hii ni bahati yetu ambayo mtu wa Dar hana. Povu la EPS lipakwe kwanza tabaka jembamba la kuziba, epoksi iliyochanganywa na unga mwepesi wa kujazia, ndo uje na kitambaa.

Vitundu hivyo ni hatari kuliko vinavyoonekana. Ubao ukikaa ufukweni juani hewa ya ndani inatanuka, ukiingia majini unapoa ghafla, hewa inasinyaa, na kile kitundu cha sindano kinafyonza maji ya chumvi kwenda ndani. EPS ikishanywa maji kuikausha ni kazi ya wiki.

Kiasi cha resini. Hapa watu wanakosea pande zote mbili na mimi nimekosea zote. Ukikokota sana kwa kile kiplastiki cha kupakia puti unakamua resini yote, kitambaa kinabaki na mabaka meupe, hayo ni makavu, nyuzi hazijalowa, na pale hakuna nguvu hata uongeze rangi juu. Ukiogopa ukavu ukamwaga kama unanyweshea bustani, kitambaa kinaelea juu ya resini badala ya kulala kwenye povu, ubao unakuwa mzito na resini tupu bila nyuzi ni kitu kinachopasuka kama kioo. Kitambaa kinachotumika sana kwenye mbao ni cha wakia 4, kama gramu 135 kwa mita ya mraba. Chukua mita 2 kwa sentimita 70, hiyo ni mita za mraba 1.4, yani gramu 190 hivi kwa tabaka moja. Juu tunaweka matabaka mawili kwasababu ndipo magoti na miguu inapokaa, kwahiyo gramu 380. Resini inayobaki kwenye kitambaa iwe karibu sawa na uzito wa kitambaa chenyewe, nayo ni gramu 380, ongeza inayonywewa na povu na inayodondoka chini, utaona kuchanganya kilo na nusu kwa upande mmoja ni kutupa hela. Kitambaa kikilowa sawasawa kinapotea, unaona povu kana kwamba hakuna kitu juu, ila ukiinama ukatazama kwa mshazari unaziona nyuzi zimeinuka kidogo. Hiyo ndo alama yangu. Kung'aa kama ziwa maana yake imezidi.

Na usiinyooshe resini kwa asetoni au tina ili itembee. Najua inafanyika sana. Asetoni inanaswa ndani, resini inaiva ikiwa dhaifu na baada ya siku inachora nyufa. Resini nzito ya asubuhi ya Julai ipashe joto, weka kopo lililofungwa kwenye karai la maji ya uvuguvugu kabla hujaweka hadna, kwisha.

Mat ile ya nyuzi zilizokatwakatwa, tunayoitumia kwenye matenki, iache pembeni. Kwanza inakunywa resini mara mbili au zaidi ya uzito wake, ubao utakuwa jiwe. Pili ile gundi inayoshikilia nyuzi zake kwa kawaida imetengenezwa kuyeyushwa na sitairini, na epoksi haina sitairini, kwahiyo inabaki ngumu, haikai kwenye kona, haifuati umbo. Kitambaa kilichofumwa ndicho chenyewe.

Polista pia ina jambo la nta ambalo limewatenganisha watu wengi na ngozi za mbao zao bila kujua. Resini ya kuvalishia haina nta, ndo maana juu inabaki inanata hata baada ya kuiva, hewa inaizuia, na huko kunata ndiko tunakokutaka kwasababu tabaka linalofuata linashikana nalo. Resini ya kumalizia ina nta, nta inapanda juu inafunika, juu kunaiva kukavu na msasa unapita. Ukivalisha kwa ile yenye nta alafu kesho ukalaza tabaka la pili bila msasa, umelaza juu ya mshumaa. Ukimaliza kwa ile isiyo na nta, msasa unajaa uji kila dakika. Galoni za mtaani nyingi hazisemi, kwahiyo paka kidogo juu ya nailoni, kesho gusa kwa kidole. Inanata, haina nta.

Gereji za magari zina adui mwingine, ile polishi ya kung'arisha dashibodi. Ina silikoni. Jirani yako akipuliza kwenye gari mita chache kutoka ulipo, silikoni inatua kwenye povu na kwenye vidole vyako, resini ikifika pale inakimbia, inaacha miduara kama macho ya samaki. Hakuna kuongeza resini kutakokusaidia. Mi saivi siku ya ubao siruhusu polishi kufunguliwa, nanawa mikono kwa sabuni navaa glovu mpya. Upepo wetu wa Agosti nao hauna huruma, unaleta vumbi jekundu na mchanga, nimening'iniza turubai mlangoni na namwagia sakafu maji kabla ya kuanza, ila kidogo na mapema, maana epoksi na unyevu hawapatani. Miezi ya mvua, Desemba mpaka Aprili, epoksi inaweza kuota utando wa mafuta mafuta juu. Osha kwa maji na kitambaa, piga msasa, ndo uendelee, ukipaka juu yake moja kwa moja tabaka jipya halishiki.

Kwenye kingo kitambaa kipite na kugeuka chini sentimita 5, na puani na mkiani ukate mkasi kama unashona kofia, la sivyo kinajikunja kinabeba hewa. Nyuzi zilizochomoka zitoe kabla hazijaiva, uzi mmoja ulioiva umesimama unakupa kazi ya nusu saa ya msasa, na msasa ukizidi ukakata nyuzi za kitambaa umepunguza nguvu ya ngozi pale pale.

Afya sitaipitia haraka. Hadna ya polista ni peroksaidi, tone moja jichoni linaweza kukupofusha, kwahiyo miwani ya kufunga pembeni kabla ya kifuniko kufunguliwa, na ikiingia ni maji mengi yanayotiririka dakika 15 bila kusimama alafu hospitali, usingoje uone. Wale wenye kobalti, kile kichocheo cha kuongezea kwenye resini iwahi kuiva, kobalti na hadna visikutane vyenyewe kamwe, vinaweza kulipuka, kimoja kikorogwe kwanza kwenye resini ndo kifuate kingine. Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi la msasa kidogo, harufu haizuii hata kidogo, unahitaji ile yenye vichujio vya kaboni. Epoksi haina harufu kali na hilo linawadanganya watu, inaingia kwenye ngozi polepole mpaka siku mwili unaikataa, mikono inavimba, na mwili ukishaikataa, kwa kawaida ndo basi tena, hutaigusa maisha yako. Glovu kila siku, hata kazi ya dakika mbili.

La mwisho ni la kwetu tu tunaokaa juu. Dodoma iko kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar, kwahiyo ubao wa EPS uliofungwa kule chini ukipandishwa huku hewa yake ya ndani inasukuma ngozi nje. Ongeza buti la gari lililopaki juani Morogoro, unapata malengelenge ambayo mwenye ubao atasema ni kazi mbovu. Mbao nyingi za EPS zina kiskrubu kidogo cha kupumulia juu, kilegezwe kabla ya safari na kikazwe vizuri kabla ya kugusa maji.

Ubao nilionao kwenye stendi leo ni wa yule yule kijana, amenunua mwingine wa EPS, povu tupu, akanirudishia mimi. Nimeuvalisha juzi jioni kwa epoksi, kopo la mabaki nimeliweka pembeni na saa nimeiandika juu yake kwa tepu, nikitaka kujua imefikia wapi nabonyeza ukucha kwenye kopo na sio kwenye ubao. Kwa kugusa ni mgumu tayari, lakini epoksi inaendelea kuiva kama wiki nzima ndo ifikie nguvu yake, na anatamani aondoke nao Ijumaa kwa treni ya SGR. Nimemwambia Ijumaa aende bila ubao.